Kurusha mechi ya ndondo mbashara kwa simu: mwongozo kamili

"Ngapi ngapi?" Ndilo swali linalojaa kwenye maoni ya kila mechi inayorushwa mtandaoni. Mtu aliyeko Muscat au Minneapolis akifungua simu kuitazama timu ya mtaa aliokulia, hana shida sana na ukali wa picha. Anataka kuuona mpira, kujua matokeo na dakika, na kumsikia mtu anayewajua wachezaji. Picha hafifu ataivumilia. Picha inayoganda kila baada ya nusu dakika, au mechi isiyo na sauti ya mtangazaji, ataifunga na kwenda zake.

Ndiyo maana sianzi na simu gani ununue. Simu ya kawaida ya miaka ya karibuni inatosha. Mahali utakaposimama, mtandao wa pale uwanjani na mtu aliyeshika maiki vina uzito kuliko kamera. Nitachukua mfano wa mechi ya mpira wa miguu kwenye uwanja wa mchangani usio na jukwaa, maana huko ndiko kugumu. Netiboli na kikapu hufuata njia hiyohiyo, na ni rahisi zaidi kwa sababu uwanja ni mdogo.

Ruhusa kwanza

Ndondo, yaani mashindano ya soka ya mtaani, karibu zote zina kamati. Zungumza na mwenyekiti wake, kisha makocha wa timu zote mbili, kisha mwenye uwanja kama ni wa shule au wa manispaa. Ruhusa ya mdomo husahaulika siku mdhamini akijitokeza, kwa hiyo mkishamaliza maongezi tuma ujumbe mfupi wa WhatsApp: nitarusha mechi fulani kwenye ukurasa fulani, video itabaki mtandaoni, na fedha ya matangazo ikipatikana tutagawana hivi na hivi. Akijibu "sawa kaka", tayari una maandishi.

Mechi za ligi ni jambo jingine kabisa. Haki za televisheni za Ligi Kuu Tanzania Bara ziko kwa Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021. Ukikaa jukwaani ukairusha mechi ya Simba au Yanga kwa simu yako, unachukua mali ya watu. Kwa ligi za mkoa na wilaya pia, uliza chama cha soka cha mahali hapo kabla ya kutangaza chochote.

Upande wa serikali, Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa baadaye, na msimamizi wake ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukianza kuingiza fedha au kujiendesha kama chombo cha habari, pita kwao uulize leseni inayokuhusu. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya wana yao ya mwaka 2019. Kwa mechi za watoto mimi nina msimamo mkali: wazazi waridhie kupitia kocha au mwalimu, majina kamili yasitajwe, na video iwekwe ionekane na wenye kiungo tu. Mkutano wa wazazi dakika kumi kabla ya mechi hautoshi kupata ridhaa hiyo. Ianze wiki moja kabla.

Pa kusimama

Nenda uwanjani siku kadhaa kabla, saa ileile mechi itakapochezwa. Hapa ndipo matangazo mengi ya mchangani huharibika, kwa sababu mtu hufika na stendi yake, husimama penye kivuli kwenye mstari wa pembeni, na kwa dakika 90 watu huangalia migongo ya mashabiki.

Mahali pazuri ni usawa wa mstari wa katikati. Sasa, umbali gani? Lenzi kuu ya simu nyingi huona eneo linalokaribia kupanuka mara 1.4 ya umbali uliopo mbele yake. Chukua uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Ukisimama mita 10 nyuma ya mstari wa pembeni, kwenye mstari wa upande wako utaona mita 14 tu, katikati ya uwanja mita 55 hivi, na upande wa mbali karibu mita 97. Ukirudi nyuma hadi mita 25, katikati ya uwanja unaona mita 76. Kadiri unavyorudi ndivyo unavyozungusha simu kidogo, na picha isiyozunguka sana haimchoshi mtazamaji wala haiumizi mtandao. Lenzi pana kupita kiasi, ile ya 0.5, itaumeza uwanja wote lakini wachezaji watakuwa kama sisimizi na mpira hautaonekana. Iache, labda kwa kikapu.

Kurudi nyuma kunaleta tatizo la pili: mashabiki wanasimama mbele yako. Dawa yake ni urefu. Hebu tuhesabu tena. Uko mita 10 nyuma ya mstari, na mashabiki wa urefu wa kawaida wamejipanga mita 2 nyuma ya mstari huohuo. Simu ikiwa mita 3 kutoka chini, vichwa vyao vinakula takriban mita 8 za uwanja upande wako; winga akikimbia huko humwoni kabisa. Ipandishe hadi mita 5, wanakula mita 2 tu. Hizo mita mbili za juu zina thamani kuliko simu ya milioni mbili.

Kwa hiyo tafuta kitu cha kupanda. Ghorofa ya jirani ni bahati kubwa. Ongea na mwenye nyumba vizuri na umpelekee soda. Ukuta wa shule, tangi la maji lenye ngazi imara, nyuma ya Canter au kirikuu iliyoegeshwa pembeni, vyote vimewahi kufanya kazi. Mafundi ujenzi wakikupa mirunda na mbao kwa siku moja, mnaweza kufunga jukwaa dogo. Bati la kibanda cha chipsi usiliamini hata mwenyewe akikuhakikishia. Na popote utakapopanda, funga stendi kwa kamba, maana upepo wa pwani wa jioni unaangusha vitu bila kupiga hodi. Mawingu ya radi yakitanda, teremka. Mechi ya masika si ya kufia.

Jua nalo lina neno lake. Mechi nyingi huanza saa 10 jioni, jua likiwa magharibi na likishuka. Kaa upande wa magharibi, mgongo kwenye jua, wachezaji watang'aa na jezi zitatofautiana. Ukikaa mashariki utarusha vivuli vyeusi vinavyokimbia. Iwapo jengo pekee refu liko mashariki, pima: kwa maoni yangu urefu unashinda jua hadi saa 11 hivi, baada ya hapo jua linashinda.

Mtandao: pima kupakia, achana na kupakua

Watu hupima kasi, wakaona megabiti 40, wakafurahi. Hiyo ni kasi ya kupakua, ya kutazama. Wewe unapeleka video juu, na mnara uleule unaokupa 40 kushuka unaweza kukupa 2 kupanda. Tumia programu ya kupima kasi kama Speedtest, soma namba ya kupakia, na upime palepale utakapoweka simu, juu ya jukwaa. Mita tano juu au hatua ishirini pembeni hubadilisha namba kuliko unavyodhani.

Pima kwa laini za kampuni mbalimbali. Azima za marafiki: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL. Kampuni inayotamba mjini inaweza kuwa taabani kwenye uwanja ule. Halafu pima wakati kuna mechi nyingine na watu wamejaa, kwa sababu mashabiki elfu moja wakifungua TikTok na WhatsApp kwa pamoja mnara unaelemewa. Kipimo cha asubuhi uwanja ukiwa mtupu kitakudanganya.

Chukua namba ndogo kuliko zote ulizopata, igawe kwa mbili. Hiyo ndiyo bitireti yako ya juu kabisa, yaani kiasi cha data utakachokuwa unapeleka kila sekunde. Ukipata megabiti 5, rusha 2.5. Ukipata 3, rusha 1.5. YouTube wanapendekeza megabiti 4 kwa picha ya 720p (yenye mistari 720 kwenda chini) ya fremu 30 kwa sekunde, lakini mechi ya mchangani kwa 2.5 inatazamika vizuri kwenye kioo cha simu, na huko ndiko watazamaji wako wengi waliko. Chini ya 2, shusha hadi 480p. Picha ndogo iliyo safi ni bora kuliko kubwa iliyojaa viboksi vya rangi kila winga anapokimbia. 1080p isahau.

Bando sasa. Tangazo la saa mbili, ukihesabu maandalizi, mapumziko na dakika za nyongeza, kwa bitireti ya 1.5 linakula takriban GB 1.5. Kwa 2.5 ni GB 2.4. Kwa 4 ni karibu GB 3.7. Ongeza nusu yake kwa dharura na mikwaju ya penalti, na nunua bando la intaneti la kawaida. Vile vifurushi vya mitandao ya kijamii vina masharti yake. Visome kabla hujavitegemea. Angalia pia saa ya kuisha. Bando la saa 24 ulilonunua jana saa 11 jioni linakufa kipindi cha pili.

Ninachoshauri ni kutumia simu mbili. Ya kwanza ni kamera: iweke kwenye hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Ya pili ina laini na bando, inatoa hotspoti. Hapo hakuna shangazi atakayepiga simu na kukata matangazo dakika ya 88, na simu ya kamera haichemki kwa kutafuta mnara. Hotspoti iwe karibu, mita moja au mbili, kivulini. Simu ya tatu yenye laini ya kampuni nyingine ikae tayari, bando likiwa limeshaingia, jina na nywila ya hotspoti yake vikiwa vimeshahifadhiwa kwenye simu ya kamera. Ipo pia programu ya Speedify inayounganisha mitandao miwili ikafanya kazi kama mmoja. Ni ya kulipia, na kwa fainali inastahili.

Akaunti na programu

Hili lifanye siku kadhaa kabla, kwa sababu YouTube wakikuwashia huduma ya mbashara kwa mara ya kwanza wanaweza kuchukua hadi saa 24. Utahitaji kuthibitisha chaneli kwa namba ya simu, na mrushaji awe na umri wa miaka 16 au zaidi. Kurusha moja kwa moja kutoka programu ya YouTube ya simuni kunataka chaneli iwe na watu 50 waliojiandikisha, na chini ya watu 1,000 idadi ya watazamaji inaweza kuwekewa kikomo. Facebook wao wanataka akaunti iliyofikisha siku 60 na ukurasa wenye wafuasi wasiopungua 100.

Yupi kati yao? Mashabiki wa mtaani wako Facebook na WhatsApp. Kumbukumbu ya mechi inadumu YouTube. Facebook tangu Februari 2025 hufuta video za mbashara baada ya siku 30. Ningeanza na YouTube na kusambaza kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp. TikTok waachie vipande vya magoli. Picha ya kusimama wima haiwezi kuubeba uwanja wa mpira.

Badala ya programu ya YouTube yenyewe, tumia programu ya kurushia kama Larix Broadcaster, Prism Live Studio au CameraFi Live. Zinatumia njia ya RTMP: YouTube inakupa anwani ya seva na ufunguo wa matangazo, unavibandika kwenye programu, basi. Faida ni tatu. Sharti la watu 50 halikuhusu. Unachagua bitireti mwenyewe. Na mtandao ukikatika, tangazo halifi. Ufunguo ule ni siri. Anayeupata anaweza kurusha chochote kwa jina lako, kwa hiyo usipige picha kioo ukaiposti.

Kwenye programu weka hivi: 1280 kwa 720, fremu 30, bitireti uliyopima, uruhusu ijipunguze yenyewe mtandao ukilegea, fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2, sauti kilobiti 128. Kwenye chumba cha matangazo cha YouTube (Live Control Room) chagua ucheleweshaji wa kawaida (normal latency), ambao huvumilia mtandao mbovu zaidi, na uzime kipengele kinachofunga tangazo chenyewe ishara inapopotea (auto-stop). Hicho kidogo tu huokoa mechi nzima, maana ukikatika dakika mbili na kurudi, watu watakukuta kwenye kiungo kilekile.

Panga tangazo mapema lipate kiungo chake, kisha sambaza: timu, mashindano, uwanja, saa. Kwa walio nje andika saa zao: saa 10 jioni ya Dar es Salaam ni saa 11 jioni Muscat. London ni saa 8 mchana wakati wa kiangazi chao, saa 7 wakati wa baridi.

Simu, stendi, chaji

Nitapita haraka. Stendi yenye kichwa kinachozunguka kwa ulaini, kile cha mafuta, ndiyo manunuzi ya kwanza. Zile nyepesi za kupigia selfi zitakutetemesha. Powabenki ya mAh 20,000 na waya mzuri, iunganishwe tangu mwanzo, simu ikiwa imejaa. Ukisubiri ishuke hadi asilimia 10 ndipo uchaji, inachemka zaidi.

Joto ndilo adui. Apple wanasema iPhone itumike penye nyuzi joto zisizozidi 35, na simu iliyo juani Dar huku inarusha video hupita hapo mapema. Vua kava. Shusha mwanga wa kioo. Funga mwavuli juu ya stendi, uwe kwa ajili ya simu na si kwa ajili yako. Barafu usiweke, unyevu utaingia.

Usiku chini ya taa, umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kasi ya shata (muda wa kunasa kila fremu) iwe sekunde 1/50 au 1/100, vinginevyo picha itapepesa.

Sauti

Maiki ya simu iliyo juu ya stendi inanasa upepo na shabiki mwenye mdomo mchafu aliye karibu kuliko wote. Nunua maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola, yenye sifongo au manyoya ya kuzuia upepo, umvike mtangazaji. Zile zisizo na waya zenye kipokezi cha kuchomeka kwenye simu ni nzuri pia, ila hakikisha unaweza kuchaji simu wakati kipokezi kimechomekwa. Vifaa vya masikioni vya Bluetooth visitumike kama maiki, sauti inachelewa na inakuwa ya simu ya mezani.

Msikilize sana mtangazaji kabla hujamchagua. Kelele si kipaji. Mtu anayeijua ligi ya mtaa, anayejua kwamba namba 6 alikuwa kipa wa timu pinzani msimu uliopita na kwamba refa ni mwalimu wa sekondari, huyo ndiye wako hata kama sauti yake si ya redio. Mpe karatasi ya vikosi yenye namba za jezi, aichukue kwa makocha wenyewe nusu saa kabla. Jezi za ndondo hubadilika; namba 10 wa leo alikuwa 17 juzi. Amuulize kila kocha jinsi majina magumu yanavyotamkwa, kwani mama wa mchezaji anasikiliza.

Kanuni yake iwe moja: kila baada ya dakika mbili au tatu ataje timu, matokeo na dakika. Watu wanaingia wakati wote. Picha ya mchangani haionyeshi namba za jezi, kwa hiyo kazi yake inakaribia ile ya redio: nani ana mpira, upande gani, anaelekea wapi. Mpira ukiwa mbali, kwenye kona ya upande wa pili, yeye ndiye macho.

Muziki ni mtego. Spika ya uwanjani ikipiga wimbo wa msanii maarufu, mfumo wa YouTube wa kutambua hakimiliki unaweza kuziba sauti, kuzuia video au kukatisha tangazo. Muombe DJ apumzike mpira ukiwa unachezwa, na wakati wa mapumziko zima maiki au mtangazaji afanye mahojiano mbali na spika. Ma-DJ wa mtaani hawapendi kuambiwa hivi. Mwenyekiti wa kamati ndiye amwambie.

Siku ya mechi

Fika saa mbili kabla. Mnatakiwa kuwa watatu: wa kamera, mtangazaji, na wa tatu anayeangalia tangazo kwa simu nyingine, kwenye laini nyingine, na earphone masikioni. Huyu wa tatu watu humdharau, ila ndiye anayejua kama sauti imekufa. Ndiye pia mwenye daftari la magoli, mwenye kujibu maoni, na mwenye kuangalia vibaka wasiondoke na powabenki.

Rusha jaribio la dakika tano kwa faragha, kwa bitireti ileile. Pima kupakia tena. Ikishuka kuliko ulivyopima, shusha bitireti bila kubishana nayo. Futa lenzi kwa kitambaa safi, vumbi la uwanja limeshaingia. Simu ilale kwa ubavu, fokasi na mwanga vifungwe ukiwa umeelekeza kwenye nyasi au mchanga wa katikati penye jua, vinginevyo kila wingu litaifanya picha iwe nyeupe na nyeusi kwa zamu. Zima kipunguza mtikisiko, kwenye stendi hakina kazi na kinakata pembe za picha.

Matokeo kwenye kioo: CameraFi Live ina ubao wa magoli wa kubandika juu ya picha, na Prism ina maandishi. Kama programu inailemea simu, tumia ubao mweupe na kalamu. Kila goli likifungwa na wachezaji wakirudi katikati, wa tatu anaupitisha mbele ya lenzi kwa sekunde tano. Watu wanaupenda kuliko michoro.

Anza kurusha dakika 10 kabla ya kipenga. Onyesha timu zikipasha, mtangazaji asome vikosi. Wanaochelewa wapate kuingia.

Mpira ukiwa unachezwa

Kiganja kwenye mkono wa stendi, macho uwanjani. Kioo kitazame kwa kuibia tu. Ukikitazama muda wote utachelewa kila shambulizi, kwa sababu unafuata badala ya kutangulia. Weka nafasi kubwa mbele ya mpira, upande unakoelekea. Mpira mrefu ukipigwa, zungusha kuelekea utakakoangukia, kwa mwendo mmoja usio na kigugumizi. Usikimbizane na kila pasi fupi ya katikati. Acha fremu itulie, wachezaji waingie na kutoka.

Zumu ya dijitali inaua picha. Kama simu ina lenzi ya pili ya mbali, itumie kwa penalti na mpira uliosimama tu, ukiwa na uhakika wa kurudi haraka. Kipa akidaka, rudi kwenye picha pana.

Mchezaji akiumia vibaya, geuza kamera kwa mashabiki au makocha. Familia yake inaweza kuwa inatazama. Ugomvi ukizuka, na ndondo bila ugomvi ni chache, fanya vivyo hivyo na mtangazaji aseme kwa ufupi kilichotokea bila kumtaja mwenye kosa. Najua video ya ngumi ndiyo ingesambaa usiku huo. Kamati haitakualika tena, na itakuwa na haki.

Mapumziko usizime. Elekeza kamera kwenye uwanja, mtangazaji amhoji kocha au mzee wa timu, na tangazo la mdhamini lisomwe hapo. Duka la vifaa vya ujenzi au mama lishe wa jirani atalipa kiasi kidogo kutajwa mara nne, na fedha hiyo itarudisha bando mapema kuliko YouTube, wanaotaka watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukugawia mapato ya matangazo.

Ikikatika

Itakatika. Mpangilio uwe umekubaliwa kabla. Wa tatu anasema "picha imeganda". Wa kamera anaangalia bitireti kwenye programu. Kama imeshuka lakini ipo, punguza hadi megabiti 1 na uendelee. Kama ni sifuri, ruka kwenye hotspoti ya akiba, bonyeza kurusha tena kwa ufunguo uleule. Usifungue tangazo jipya, utawatawanya watu na viungo viwili. Wa tatu anaandika kwenye maoni na kwenye grupu: "Mtandao umekatika, tunarudi kwenye kiungo hikihiki, bado 1-1 dakika ya 63."

Mtangazaji asinyamaze wakati huo. Sauti huwahi kurudi kabla picha haijatulia. Simu ikizima kwa joto, ivue kwenye stendi, ipeleke kivulini bila kava, na simu ya akiba ipande ikiwa tayari ina programu na ufunguo. Na kama mnara wenyewe umelala, rekodi mechi kwenye simu, weka matokeo kwenye grupu kila dakika tano kwa ujumbe wa kawaida, pakia usiku. Larix inaweza kurekodi huku inarusha, kwa hiyo hakikisha una nafasi ya GB 5 hivi.

Baada ya filimbi ya mwisho

Acha irushe dakika tano zaidi: kupeana mikono, kombe, mahojiano ya mfungaji. Kisha ufunge mwenyewe kwenye chumba cha matangazo, kwa kuwa ulizima kile kipengele cha kujifunga.

Usiku huohuo, fungua daftari la magoli na uandike sura (chapters), yaani orodha ya dakika za matukio, kwenye maelezo chini ya video. YouTube wanataka ya kwanza ianzie 00:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10: "00:00 Vikosi", "10:20 Kipindi cha kwanza", "31:45 Goli la kwanza". Kata kila goli, sekunde 20 hivi, ligeuze wima kwa ajili ya TikTok na hali ya WhatsApp, ukiweka jina la mfungaji na mashindano. Watumie makocha vipande vya wachezaji wao bila kungoja waombe. Ndiyo njia rahisi ya kupewa vikosi mapema mechi ijayo. Kama ulirusha Facebook, pakua video nzima kabla ya siku 30 kwisha, uiweke kwenye diski yenye jina la timu na tarehe.